Jicho Likiambiwa Lisitazame

Leo tunaanza na kazi ndogo. Aliyeshika usukani aendelee na barabara, atatusikiliza tu. Wewe uliyekaa nyumbani au kazini, tazama ukuta ulio mbele yako, kisha jaribu kuyapeleka macho kutoka pembe ya kushoto hadi ya kulia, polepole, bila kukatika. Mwombe aliye karibu akuangalie machoni. Atakwambia kwamba macho yako yanarukaruka: yanasimama, yanaruka, yanasimama tena. Haya, sasa nyoosha mkono, inua kidole gumba, kisogeze taratibu toka kushoto kwenda kulia huku ukikitazama. Safari hii macho yanateleza vizuri kabisa.

Macho ni yale yale, na misuli ni ile ile sita kwa kila jicho. Kilichobadilika ni kazi uliyoupa ubongo. Una njia moja ya kulirusha jicho kwenye kitu kipya, na njia nyingine ya kuliandamanisha jicho na kitu kinachotembea, na hii ya pili kwa kawaida haiamki mpaka pawe na kitu cha kufuata. Huwezi kuilazimisha kwa kutaka tu. Kwa hiyo ukiona jinsi jicho linavyokwenda, umeona sehemu fulani ya ubongo ikiwa kazini.

Leo basi tunazungumzia mwendo wa macho na kazi za akili kwa watu wanaoishi na ugonjwa wa baipola. Nitasema mapema ninakoelekea, tusije tukapotezana njiani. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wamelitumia jicho kutafuta mpaka kati ya ugonjwa mmoja wa akili na mwingine. Mpaka huo haukuonekana walivyoutarajia. Walichokuta kina manufaa makubwa zaidi kwa mgonjwa na jamaa zake: hisia zikishatulia, kwa watu wengi bado kuna kazi za akili ambazo hazijarudi kama zamani. Hizo nazo zinastahili kupimwa, kuulizwa na kuhudumiwa.

Tuanze na jicho lenyewe. Nyoosha tena mkono utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo unaloliona kwa ukali kamili, herufi ndogo zikasomeka, halizidi sana upana wa ukucha huo. Kwingine kote unaona hafifu, ila ubongo unakujazia mapengo ili udhani unaona yote kwa pamoja. Ni kama mtu aliyeingia stoo yenye giza na tochi: lazima achague amulike wapi kwanza, wapi baadaye, na wapi apaache. Jicho hufanya uchaguzi wa namna hiyo mara tatu hivi kila sekunde, mchana kutwa. Kabla ya kila mruko hupita muda mfupi, kama moja ya tano ya sekunde, ambapo ubongo unaamua. Mruko wenyewe ni wa kasi kupindukia, na wakati unaendelea hatuoni kitu cha maana. Hatuhisi lolote kati ya hayo, lakini mashine inaweza kuyarekodi yote.

Aliyeonyesha waziwazi kwamba jicho hufuata swali lililo kichwani alikuwa Alfred Yarbus, mtafiti wa Moscow. Kitabu chake kilitoka kwa Kirusi mwaka 1965. Yarbus alikuwa akibandika kwenye jicho kikombe kidogo chenye kioo, kisha anakipiga mwanga na kurekodi ulikokwenda. Akamwonyesha mtu mchoro wa Ilya Repin: mwanamume anaingia sebuleni bila kutarajiwa, na wenyeji wameduwaa. Kwanza mtu akautazama apendavyo. Kisha akaulizwa, hawa watu wana umri gani? Macho yakaanza kuzunguka kwenye nyuso. Akaulizwa tena, familia hii ina uwezo kiasi gani? Macho yakahamia kwenye nguo na samani. Mchoro haukubadilika hata chembe. Swali ndilo lililobadilika, na jicho likalitii.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Wengi wetu tunaujua kwa sura zake mbili. Kuna kipindi cha kupanda, ambacho madaktari hukiita mania: mtu analala saa mbili tatu na kuamka na nguvu tele, maneno yanakimbizana, fedha zinatoka bila hesabu, anaanzisha miradi kumi kwa siku moja, na ukimzuia anakuwa mkali. Na kuna kipindi cha kushuka, sonona: kitanda hakimwachii, chakula hakina ladha, na pengine anawaza kifo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 hivi duniani walikuwa na ugonjwa huu.

Lakini kuna sura ya tatu ambayo haizungumzwi sana, nayo ni kipindi cha utulivu. Dawa zimeshika, usingizi umerudi, mtu anasalimiana na majirani. Watu husema, alhamdulillahi, amepona. Anarudi kazini. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanza. Anaagizwa mambo matatu, analeta moja. Anaanza kujaza fomu, simu inaita, na akimaliza kuongea hajui alifikia wapi. Dukani mteja anangoja chenji na yeye anahesabu upya kwa mara ya pili. Bosi anasema amekuwa mzembe, na ndugu wanasema amezoea kudekezwa. Tafiti za nchi nyingi zimekuta kwamba sehemu kubwa ya watu wenye baipola, hata wakiwa wametulia, hupata shida katika umakini, katika kukumbuka walichosikia, katika kasi ya kufikiri, katika kupanga, na katika kujizuia. Si wote. Wapo ambao akili zao zinafanya kazi sawasawa na za mtu mwingine yeyote, na wapo wanaobaki na shida kubwa.

Kupima mambo haya kwa karatasi na kalamu si rahisi. Majaribio mengi yanadai mtu awe amesoma, awe amezoea mitihani, aijue vizuri lugha ya jaribio. Ukimpa mvuvi wa Pemba orodha ya maneno iliyotungwa Boston kisha ikafasiriwa, hutajua umepima kumbukumbu au umepima shule. Kitone cha mwanga kinachotokea gizani hakimuulizi mtu amefika darasa la ngapi. Hapo ndipo jicho linapopata thamani yake.

Historia ya jambo hili inatupeleka Middletown, mji mdogo wa jimbo la Connecticut, Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita. Hapo palikuwa na Chuo Kikuu cha Wesleyan, na mwanasaikolojia mmoja hodari wa kutengeneza vyombo, Raymond Dodge. Wakati huo kuchunguza macho ya mtu kulimaanisha kumkodolea tu, au kumbandikia kitu jichoni. Dodge alitafuta njia ya kutoligusa jicho. Alielekeza mwanga kwenye uso wa jicho, mwanga ukaakisiwa, ukapita katika upenyo mwembamba na kuangukia bamba la kupigia picha lililokuwa likishuka taratibu. Bamba likishuka huku jicho likitembea, nukta ya mwanga ilichora mstari. Ukilisafisha bamba lile, unaushika mkononi mwendo wa jicho la binadamu, kila mruko na kila kituo.

Katika mji huo huo kulikuwa na hospitali ya jimbo ya magonjwa ya akili, na daktari wake mmoja aliitwa Allen Ross Diefendorf. Huyu ndiye aliyewaletea wasomaji wa Kiingereza mafundisho ya Mjerumani Emil Kraepelin. Kraepelin, katika toleo la kitabu chake la mwaka 1899, alichora mstari uliotawala tiba ya akili kwa karne nzima. Upande mmoja aliweka ugonjwa ambao leo tunauita skizofrenia, akiamini kwamba akili ya mgonjwa inazidi kudhoofika mwaka hadi mwaka. Upande wa pili akaweka ugonjwa wa kupanda na kushuka, ambao leo jina lake ni baipola, akiamini kwamba dhoruba ikipita mtu hurudi alipokuwa.

Mwaka 1908 Dodge na Diefendorf wakachapisha kazi yao ya pamoja. Waliwaketisha wagonjwa mbele ya timazi inayobembea na kuwaambia waifuate kwa macho, huku bamba likichora. Kwa wagonjwa wa lile kundi la kwanza la Kraepelin waliona jambo: macho yalichelewa nyuma ya timazi, yakawa yanaikimbilia kwa hatua fupifupi za kurukaruka badala ya kuteleza nayo. Ilionekana kana kwamba jicho limeuthibitisha mstari wa profesa.

Kazi hiyo ikawekwa kabatini kwa miongo mingi. Iliyoifufua ni makala ya mwaka 1973 ya mwanasaikolojia wa Marekani, Philip Holzman, na wenzake. Nao walitumia timazi, wakakuta wagonjwa wa skizofrenia wanashindwa kuifuata vizuri. Kisha wakakuta kwamba wengi wa ndugu zao wa damu, watu wasio na ugonjwa wowote, nao macho yao yanarukaruka. Hapo wataalamu wakasimama wima: pengine hii ni alama ya urithi, kitu kinachopita katika ukoo hata pale ugonjwa wenyewe usipojitokeza.

Mwaka uliofuata, kundi jingine la watafiti likakuta kwamba wagonjwa wa upande wa pili, wale wa kupanda na kushuka, nao walishindwa. Mstari ukaanza kutetereka.

Hapa msikilizaji naomba utulie nami, maana pana funzo la namna sayansi inavyoweza kupotoshwa na kitu kidogo. Wagonjwa wengi wa baipola wa miaka ile walikuwa wakitumia lithiamu, chumvi ambayo daktari John Cade wa Australia alitangaza mwaka 1949 kwamba inawatuliza watu walio katika mania. Mpaka leo ni miongoni mwa dawa bora kabisa tulizonazo kwa ugonjwa huu. Lakini lithiamu hugusa pia ubongo mdogo wa nyuma ya kichwa, ule unaosawazisha mwendo wa mwili na wa macho. Miaka ya 1980 Holzman na mwenzake Deborah Levy wakaonyesha kwamba dawa yenyewe inaweza kuvuruga ufuatiliaji wa macho. Swali likawa, tunaupima ugonjwa au tunaipima dawa?

Nisipite hapa bila kusema neno kwa wanaotumia lithiamu. Kiwango chake katika damu kinachotibu kiko karibu sana na kile kinachodhuru, na ndiyo maana daktari hukuagiza upimwe damu mara kwa mara. Mikono ikianza kutetemeka kuliko kawaida, ukawa unayumba ukitembea, unatapika au unaharisha, macho yanacheza yenyewe, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Jua likiwa kali na jasho likikutoka sana, au ukiwa umefunga bila kunywa maji, hatari huongezeka, kwa hiyo zungumza na daktari wako kabla ya Ramadhani. Na usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Turudi kwenye macho. Ilikuwa lazima kupata jaribio linalochimba zaidi ya ufuatiliaji. Nalo lilikuwa limeshapatikana Toronto, Canada, ambako mwaka 1978 Peter Hallett alichapisha jaribio ambalo ukilisikia utadhani ni mchezo wa watoto. Hebu tulitazame kwa karibu, kama linavyofanywa leo.

Umekaa katika chumba chenye mwanga hafifu. Kidevu kimewekwa kwenye kiegemeo chake, paji la uso limegusa ukanda, kichwa kisicheze. Mbele yako ni kioo cha kompyuta. Kamera inakumulika kwa mwanga wa infraredi usiouona, na inapiga picha za jicho lako mara 500 au hata 1,000 kwa sekunde. Katikati ya kioo kuna kitone. Unakitazama. Kinazimika. Ghafla kitone kingine kinawaka upande wa kulia. Katika sehemu ya kwanza ya jaribio agizo ni jepesi: kikiwaka, kitazame. Jicho linaruka lenyewe, huna hata haja ya kufikiri. Kisha agizo linageuzwa. Kikiwaka kulia, tazama kushoto. Kikiwaka kushoto, tazama kulia. Usikitazame kitone.

Jaribu kuwazia ugumu wake. Kitu kimewaka ghafla gizani, na silika ya maelfu ya vizazi inakwambia geuka uone. Ubongo unatakiwa kufanya mambo mawili ndani ya muda mfupi mno: kuuzuia mruko ambao umeshaanza kujiandaa, na kuunda mruko mwingine kwenda mahali ambapo hakuna kitu. Kazi hiyo inategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na tunalijua hilo kwa sababu watu walioumia sehemu hiyo hushindwa vibaya katika jaribio hili. Hata mtu mzima asiye na maradhi yoyote huteleza. Si ajabu akakosea mara moja katika kila mara tano.

Watu wenye baipola hukosea zaidi ya hapo, na wengi wao hukosea hata wakiwa wametulia. Lakini jambo ninalotaka ulishike, msikilizaji, ni hili. Mara nyingi, baada ya jicho kukosea na kukirukia kitone, hujirudi lenyewe. Katika muda mfupi sana, bila kukumbushwa na mtu, linageuka na kwenda upande uliotakiwa. Hii ina maana kwamba mtu alilielewa agizo. Hakulisahau na wala hakulipuuza. Alijua afanye nini, ila uwezo wa kujizuia ulichelewa kufika.

Fikiria sasa yule aliyeagizwa mambo matatu akaleta moja, au aliyemjibu mkwewe kwa ukali kisha papo hapo akaomba radhi. Sisi tunaona ukorofi. Jaribio la kitone linatuonyesha mtu anayejua sheria na kuikubali, ambaye ubongo wake umechelewa kwa kitambo kidogo tu, na kitambo hicho kinatosha kuharibu kazi au undugu.

Hatua kubwa iliyofuata ilitokea Marekani, katika utafiti ulioshirikisha miji kadhaa, miongoni mwake Dallas, Chicago, Baltimore, Boston, Detroit na Hartford. Watafiti walikusanya watu wenye skizofrenia, watu wenye baipola waliowahi kupatwa na njozi au kusikia sauti, na wale walio kati ya magonjwa hayo mawili. Wakawaita pia ndugu zao wa damu, pamoja na watu wasio na maradhi. Walipotoa matokeo ya jaribio la kutazama kinyume mwaka 2014, makundi yote ya wagonjwa yalikuwa na makosa mengi kuliko watu wazima wa afya. Wa skizofrenia walikosea zaidi, lakini wa baipola hawakuwa mbali, na hata miongoni mwa ndugu zao dalili zilionekana.

Mwaka 2016 Brett Clementz wa Chuo Kikuu cha Georgia na wenzake wakafanya jambo la kijasiri zaidi. Walikuwa na wagonjwa zaidi ya 700. Wakayaweka kando majina ya magonjwa yao. Wakachukua vipimo tu: makosa ya macho, umeme wa ubongo, kasi ya kufikiri. Kisha wakaiachia hesabu yenyewe iwapange watu kwa kufanana. Yakatoka makundi matatu. La kwanza lilikuwa la watu ambao uwezo wa kudhibiti akili uko chini na ubongo unaitikia kwa unyonge vitu vinavyotokea mbele yao. La pili, udhibiti pia uko chini, lakini ubongo unaitikia kupita kiasi. La tatu, vipimo vinakaribia vya watu wasio na maradhi.

Walipofungua faili kuona nani yuko wapi, magonjwa yote yalikuwa ndani ya makundi yote. Ni kweli wenye baipola walikuwa wengi zaidi katika kundi la tatu na wenye skizofrenia katika la kwanza, lakini mstari wa mwaka 1899 haukuonekana. Watu wawili wanaoitwa kwa jina moja la ugonjwa waliweza kuwa na bongo zinazofanya kazi kwa namna tofauti kabisa, na watu wawili wenye majina tofauti wakafanana. Chombo kilichoanza safari yake kikiuthibitisha mstari wa Kraepelin ndicho kilichoufuta.

Kuna upande mwingine wa macho na baipola ambao nitaugusa kwa haraka. Unaweza kumwonyesha mtu picha nne kwa pamoja, ya furaha, ya huzuni, ya kutisha na ya kawaida, kisha ukahesabu jicho lake linakaa wapi. Utafiti wa namna hiyo uliofanywa Valencia, Hispania, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba wenye baipola walivutwa zaidi na picha za kutisha, hata wale waliokuwa katika utulivu. Waliokuwa katika sonona walikaa muda mfupi zaidi kwenye picha za furaha. Kumbuka Yarbus: jicho hufuata swali lililo kichwani. Ambaye ubongo wake unauliza kila saa, hatari iko wapi, atayaona mazingira yale yale unayoyaona wewe, lakini atachukua mengine humo.

Sasa nisikilize vizuri, maana habari kama hizi huwa na tabia ya kuchukua mbawa. Hakuna mtu anayeweza kukutazama machoni na kujua kama una baipola. Hakuna. Tunayoyazungumza ni tofauti za sehemu ndogo za sekunde zinazoonekana kwa kamera na kwa hesabu, na zinajitokeza ukilinganisha kundi na kundi. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, makosa ya watu wazima wa afya na ya wagonjwa yanaingiliana. Mtu aliyekesha msibani atakosea. Aliyekunywa pombe atakosea. Watoto hukosea kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo bado inakua, na wazee hukosea kwa sababu ya umri. Dawa nazo zina mkono wake. Kwa hiyo mtu akikuletea programu ya simu inayodai itakutambulia baipola kwa kukutazama machoni, usimpe fedha zako. Utambuzi wa ugonjwa bado unafanywa kwa njia ya zamani: daktari anakaa na mgonjwa, anamsikiliza, anawauliza wa nyumbani, anafuatilia historia ya miaka.

Huku kwetu vifaa hivi si vya kawaida katika kliniki, na sidhani kwamba ukosefu huo ndio pengo letu la kwanza. Lakini fikra iliyozaliwa na vifaa hivyo imeshafika. Utafiti mkubwa wa urithi wa magonjwa ya akili uliofanyika Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini, kwa Kenya ukiwa na vituo Eldoret na Kilifi, uliwachukua wenye skizofrenia na wenye baipola kwa pamoja. Sababu ni hiyo hiyo: maumbile hayakuusoma mstari wa kitabu. Na kwa kuwa hazina za urithi zinazotumiwa na watafiti wa dunia zimejaa damu za Ulaya, damu ya Kilifi ina mengi ya kusema.

Hata bila kamera, lipo ambalo tunaweza kulifanya kesho asubuhi. Ukimsindikiza ndugu yako kliniki, maswali ya kawaida huwa ni mawili matatu: analala? anakula? amekuwa na fujo? Majibu yakiwa mazuri, mnapewa dawa za mwezi na kurudi nyumbani. Ongeza maswali mengine, na umwombe daktari au muuguzi ayaandike. Anamaliza kazi aliyoianza? Anakumbuka alichoambiwa jana? Anaweza kufuata mazungumzo ya watu watatu? Anajibu kabla hajafikiri? Je, hayo yamebadilika tangu dawa ilipoongezwa? Swali hili la mwisho ni la maana, kwa sababu pengine shida inatokana na kipimo cha dawa, na hilo linarekebishika.

Na shida ikiwa ni ya ugonjwa wenyewe, bado haina maana ya kukaa na kukubali. Hispania, mwaka 2013, yalichapishwa matokeo ya mafunzo ya vikao 21, kimoja kila wiki, kwa watu wenye baipola waliotulia. Vilikuwa vikao vya kundi, na walifundishwa mambo ya kila siku: namna ya kushika kumbukumbu, kugawa kazi kubwa kuwa ndogo, kupanga siku, kutuliza mawazo kabla ya kujibu. Waliohudhuria waliendesha maisha yao vizuri zaidi kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida peke yake. Mafunzo ya aina hiyo hayahitaji mashine ya mamilioni. Yanahitaji chumba, mtaalamu aliyeandaliwa, na watu wanaorudi kila wiki.

Mwajiri naye ana sehemu yake. Mtu aliyerudi kutoka katika kipindi kigumu mpe agizo moja kwa wakati, tena kwa maandishi. Mwondolee kelele na simu zinazokatiza kazi. Mwongezee muda kidogo katika wiki za mwanzo. Kwa mwenye ofisi ni gharama ndogo, na inaweza kuwa tofauti kati ya mtu anayebaki kazini na mtu anayefukuzwa, akapoteza bima, akakosa dawa, akarudi wodini.

Kraepelin alikuwa mtu makini, lakini imani kwamba dhoruba ikipita mtu hurudi alipokuwa imewagharimu wengi. Imewafanya ndugu waone uvivu palipo na ugonjwa, na kliniki nazo zifunge faili mapema. Kwa hiyo, msikilizaji mwenye mgonjwa nyumbani, akisema amepona, furahi naye, kisha muulize kazi inaendaje. Na yeye akikujibu kwamba kichwa kizito, usimwambie ajikaze. Andikeni pamoja ni mambo gani yanayomshinda, na karatasi hiyo iende naye kliniki safari ijayo.